Geji Iliyofungwa kwa Taulo

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kopo langu uani kwa Fundi wa magari, mtaa wa Katwe, na desturi yangu ni kuandika saa kwanza ndipo niandike jambo. Gari jeupe aliloendesha Baba liliingia polepole, kama mgonjwa anayeogopa kutikiswa. Baba akazima injini kabla gari halijasimama vizuri. Akashuka, akasema neno moja tu.

"Taa."

Taa nyekundu ya mafuta ya injini ilikuwa imewaka tangu njiani na imekataa kuzimika.

Baba alikuwa dereva wa polisi. Siku zile alimwendesha mkubwa mmoja ambaye sote tulimwita Afande, na jina lake sitaliandika hata humu. Afande alikuwa asafiri kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kwenda magharibi. Miezi miwili nyuma, dereva mmoja mwenzake Baba aliharibikiwa na gari barabarani. Akaitwa mhujumu, akachukuliwa, na mke wake hakuacha kwenda ofisini kuuliza. Baba naye ni mtu wa kaskazini, wa kabila ambalo miaka ile halikuhitaji kufanya kosa ili lipatikane na kosa. Kwa hiyo gari hilo lilitakiwa lipone kabla ya asubuhi, na aliyetakiwa kupona si gari. Pembeni ya Baba alishuka askari kijana mwenye bunduki. Ametumwa achunge gari, alisema. Tulielewa anachunga nini.

Lakini kabla sijaendelea na taa nataka kumwandika Fundi. Nikimwacha hivihivi, atakuwa tu mtu aliyetengeneza gari, na yeye hakuwa hivyo.

Nianze na mikono. Fundi alinawa mikono kabla ya kazi, si baada. Sabuni ilikuwa imepotea mjini kama sukari na chumvi zilivyopotea, kwa hiyo alijisugua kwa jivu na majani ya mpapai mpaka kucha zikawa safi kama za mpishi. Wateja walimcheka.

"Ssebo, bwana mkubwa, unaenda kula hiyo injini?"

"Injini ndiyo nakula mimi kila siku," alijibu. "Wacha ikute nyama safi."

Kazi ikiisha alijifuta kwa gazeti tu, akaenda kwake mweusi hadi viwiko. Alikwenda kwa miguu. Kwa miaka mitano niliyomjua sikumwona hata mara moja amekaa ndani ya gari linalotembea. Watu walimpa lifti, akakataa. "Mimi najua mle ndani kuna nini," alisema, "na mtu anayejua anatembea."

Nilimjua kwa sababu ya Mama. Mama yangu ni Mkongo wa mashariki, alikuwa akiuza chai na maharage ukutani mwa uwanja wa Fundi. Ndiyo maana nyumbani kwetu ni Kiswahili: yeye na Baba hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana. Nilianza kumfuata Mama pale baada ya shule nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi ni mtu wa haya. Nikitazamwa, ulimi unakuwa mzito na masikio yanawaka moto. Siku ya kwanza Fundi alinikuta nimejibanza nyuma ya nguzo. Hakuniuliza jina, hakuniambia "binti salimia wakubwa". Alichukua kopo tupu la mafuta, la lita ishirini, akaligeuza chini juu, akaliweka likitazama ukuta.

"Kaa hapa," akasema. "Hapa hakuna mtu ataona uso yako, na wewe utasikia kila kitu."

Sijawahi kupewa kiti kizuri kuliko kile. Aliponiona naandika akaanza kuniita Karani, na kwa ulimi wake wa Kiganda ikawa "Kalani". Kila alipofungua injini alinitajia vitu kwa mpangilio alivyovitoa, nami niliandika. Jioni alinitaka nivisome kuanzia chini kwenda juu, naye akavirudisha hivyohivyo. Nilisoma kwa sauti ndogo sana. Hata siku moja hakuniambia nipaze. Alisogea tu karibu.

Na hapo kuna kioja, kwa sababu kwa watu wengine alikuwa kiziwi. Alisema sikio lake la kushoto limekufa. Mwanzoni niliamini. Baadaye nikagundua kwamba sikio lenyewe linakufa wanajeshi wakija, na linafufuka wakiondoka. Wakizungumza mambo yao aligeuza upande huo, akasema "Eh? Eh, afande?" mpaka wakachoka. Lakini alikuwa mkali kuhusu uongo! Mteja akidanganya kwamba amebadilisha mafuta mwezi uliopita, Fundi alichovya kidole, akakinusa, akamwonyesha: "Hii mafuta imeona Krismasi mbili. Wewe unadanganya nani, mimi ama gari?" Nilimuuliza siku moja inakuwaje achukie uongo na sikio lake lidanganye. Nilimuuliza kwa kuandika, nikamwekea karatasi kwenye meza ya vifaa. Alisoma, akakuna upara wake.

"Kalani, gari ikidanganywa inakufa. Hawa wengine wakiambiwa ukweli, anakufa mtu. Si ni tofauti?"

Tena kulikuwa na buti, lile sanduku la mizigo la nyuma ya gari. Fundi alifungua kila kitu cha gari: boneti, sampu, hata redio. Buti hakufungua. Hata spea ikiwa mle, alimwambia mwenye gari aitoe mwenyewe, naye akatazama upande mwingine. Kila mtu mjini alijua watu walibebwaje miaka ile, na hakuna aliyesema. Yeye alisema tu, "Ugonjwa wa injini uko mbele."

Kuhusu ugonjwa huo wa mbele, hakuna aliyemshinda, hasa kwenye pampu ya mafuta. Wenzake wa Katwe wakiona taa nyekundu walikimbilia kung'oa pampu. Yeye aliwaita wakata vichwa. Kuna siku mfanyabiashara Mkongo, mtu wa kwao Mama, alikuja na pikapu akipiga kelele kwamba pampu imekufa na anataka nyingine leo leo.

"Nani alikuambia imekufa?"

"Taa!"

"Taa imesomea udaktari?" Fundi akanawa mikono taratibu. "Taa inalia, kweli. Hata mtoto analia. Utamkata tumbo kabla hujauliza kama amekula?"

Akauliza maswali yake, kuanzia dogo. Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia: mafuta yapo? Yapo. Akayasugua kwa vidole viwili: mazito au yamekuwa maji? Mazito, na hayanuki petroli. Kisha akafuata waya wa taa kwa kidole, kama mtu anayesoma mstari, mpaka akafika mahali ambapo ngozi ya waya ilikuwa imelika na shaba inagusa bodi. Akaufunga kwa kitambaa. Taa ikazimika. Yule Mkongo alikuwa bado ameshika kiuno.

"Nenda," Fundi akamwambia. "Pampu yako inakusalimu. Inasema usiitukane tena."

Mama alicheka mpaka akamwaga chai.

Maswali madogo yakiisha bila jibu, ndipo alipotoa geji. Hiyo lazima niiandike vizuri. Ilikuwa geji ya kupimia presha ya mafuta, yenye uso wa kioo, pete ya shaba na mpira mrefu. Ilikuwa mali ya bosi wake wa zamani, Mhindi, mwenye gereji ambayo Fundi aliifanyia kazi miaka mingi. Wahindi walipoamriwa waondoke nchini, bosi alikuja kwa Fundi asubuhi na geji imefungwa kwa taulo la kuogea. Gereji ikapewa mtu mwingine, mmoja wa wale matajiri wa ghafla tuliowaita mafuta mingi, asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi. Wengine walibeba mashine, wakabeba matairi. Fundi alikuwa na geji tu, na kila Ijumaa aliipangusa kwa taulo lilelile. Baba alimwambia mara moja, "Ulipewa kitu kizuri, Mzee."

Fundi alikasirika kweli. Ndiyo mara pekee nilimwona amekasirikia rafiki.

"Sijapewa. Nimeachiwa. Mtu akikupa, ni yako, unaweza kuuza. Akikuachia, anarudi."

"Na asiporudi?"

"Mimi najua kazi yangu: kupangusa."

Sasa nirudi Jumanne.

Nilikuwa pale mapema kwa sababu mwalimu wa hesabu hakuja shule. Walimu siku zile waliacha kuja, na hakuna aliyeuliza. Fundi alinawa mikono. Askari alikaa kwenye tairi, bunduki magotini.

"Wewe mzee! Kwisha lini?"

"Eh?"

"Nasema, gari kwisha lini!"

"Gari itasema yenyewe, afande."

"Spana iko kwa buti."

"Iko yangu," Fundi akajibu haraka. Sikio lilisikia safari hiyo.

Kijiti: mafuta yapo. Vidole: mazito. Waya: mzima. Akatoa geji, akafungua taulo, akaifunga mahali pa swichi ya taa. Injini ikawashwa. Mshale ulinyanyuka kidogo, ukatetemeka, ukarudi karibu na sifuri.

"Zima! Zima!" Akamgeukia Baba. "Taa haidanganyi leo. Injini haipati kunywa."

Aliingia chini ya gari, akamwaga mafuta kwenye karai, akafungua sampu, lile bakuli la chini ya injini. Mimi niliandika kila bolti. Mdomoni mwa pampu kuna chujio la waya, na chujio lilikuwa limezibwa na kitu kama uji wa kahawia. Fundi akakivuta kwa vidole. Vilitoka vipande vya karatasi ngumu. Kimoja kilikuwa na tarakimu: saba mara nane.

Tarakimu hizo nilizijua. Mwezi mmoja nyuma, Baba alikuwa amefungua sampu hiyohiyo ili aisafishe, na bohari haikuwa na gasketi ya kuziba kiungo. Aliniomba jalada la daftari langu la zamani. Nilimpa jalada la nyuma, lenye jedwali la kuzidisha. Alilikata vizuri, nami nilimsifu. Mafuta ya moto yalilichemsha, likamomonyoka, pampu ikalivuta. Walioihujumu injini ya Afande ni sisi, mimi na Baba, kwa hesabu za darasa la sita.

Fundi alitazama karatasi, akamtazama Baba, akanitazama mimi.

"Nini hiyo?" askari akauliza.

"Eh?"

"Hiyo kwa mkono!"

"Takataka ya barabara, afande. Huko mnapita mavumbi mingi." Akavisokota vipande vyote ndani ya tambara, akatembea hadi jikoni kwa Mama, akatupa tambara kwenye makaa chini ya birika. Mama akayapepea.

Aliporudi alimwinamia Baba, kwa sauti ya kuazima spana. "Kaka, siku nyingine usilishe injini hesabu. Haijasoma."

Baba alijaribu kucheka. Mdomo ulicheka, macho hayakucheka.

Kazi ikawa haijaisha. Fundi aliosha pampu kwa petroli, akaifungua, akanionyesha gia mbili ndogo zinazoshikana meno. "Zimezeeka kama mimi. Lakini zinakula bado." Akaifunga, akatumbukiza bomba lake kwenye karai la mafuta, akaizungusha kwa mkono. Ilitakiwa ivute na kutapika mafuta juu. Haikuvuta. Ilikohoa upepo. Akaijaza mafuta, yakachuruzika yakatoka, ikakohoa tena.

"Imekauka koo. Inataka kitu kizito cha kushika meno mpaka mafuta ifike. Zamani nilitia Vaselini." Akacheka peke yake. "Vaselini! Hata wanawake wanapaka mate."

"Tia grisi," askari akasema.

"Grisi haiyeyuki, afande. Inaenda kukaa kwa njia kama mgeni mbaya. Samli ingefaa."

Baba alikwenda kuuliza samli, akarudi mikono mitupu. Saa kumi na nusu. Fundi alikaa chini, pampu mapajani, akaipangusa bila sababu. Sikuwahi kumwona akipangusa kitu bila sababu.

Mkobani mwangu kulikuwa na kopo dogo la dawa ya viatu, na ndani yake hakukuwa na dawa ya viatu. Kulikuwa na moo yaa, mafuta mazito ya kokwa ambayo bibi yangu, mama yake Baba, hukamua kule kaskazini. Yana harufu ya moshi na njugu, harufu ambayo ukiijua mara moja huisahau. Mama alikuwa amenikataza kuyapaka nje ya nyumba. Shuleni msichana mmoja alininusa akasema, "Hawa ndio wale," na tangu siku hiyo nikayaficha, nikawa nayanusa tu chooni, kwa kumkumbuka Bibi. Kuyatoa pale, mbele ya bunduki, ni kama kusema jina la ukoo wetu kwa sauti.

Masikio yaliwaka moto. Nilinyanyuka kwenye kopo langu. Nilitembea hatua sita, nilizihesabu, nikaweka kile kikopo kwenye goti la Fundi.

Alikifungua. Akanusa. Akachukua chembe, akaiweka juu ya injini iliyokuwa bado na joto, ikayeyuka ikawa wazi kama maji. Uso wake ulifunguka.

"Banange," akasema polepole. "Hii inajua kuondoka."

Alijaza gia kwa kidole, kila jino, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuogeshwa. Akazungusha pampu juu ya karai. Mara moja, mara mbili, halafu ikavuta, ikatapika mafuta hadi kwenye shati lake.

Na harufu ikasambaa. Askari alisimama.

"Nasikia nini hapa? Hii harufu ya watu ya kule juu. Nani iko nayo?"

Baba aligeuka jiwe. Mimi nilitazama ukuta. Fundi alichota moo yaa kwa vidole vitatu, akajipaka kichwani, kwenye upara wote, kuanzia paji hadi kisogo, mpaka ukang'aa.

"Yangu, afande. Wameniambia nywele itarudi."

Askari alimtazama. Fundi aliinamisha kichwa ili aone vizuri. "Tazama, imeanza? Hapa nyuma?"

Askari akaangua kicheko, akapiga kitako cha bunduki chini. "Mzee, wewe kwisha haribika!" Akarudi kwenye tairi lake akiwa bado anacheka.

Fundi alikata gasketi mpya kwa kipande cha koki, ile mbao laini ya vizibo vya chupa, alichokificha tangu enzi za bosi. Nilisoma orodha kuanzia chini kwenda juu. Alifunga kila bolti, akarudisha mafuta, akatoa plagi, akazungusha injini kwa hendeli mpaka mshale wa geji ukapanda wenyewe. Halafu akarudisha plagi na swichi.

"Kalani. Taa ikizimika kabla ya tatu, pampu nzima. Hesabu. Kwa sauti."

Alijua anachoniomba. Baba aliwasha.

"Moja," nikasema, na askari akanitazama, nami nikaendelea. "Mbili."

Taa ikazimika.

Niseme kabisa, msomaji asihangaike: Baba alikwenda na Afande na akarudi Ijumaa, na sasa ninapoandika yupo, anakoroma chumba cha pili, hapa kwa wajomba zangu ng'ambo ya mpaka. Lakini Jumanne hiyo Mama alikuwa amekwisha kufunga mabunda mawili chini ya kitanda. Tulikuwa tunaondoka Jumamosi, Katwe hatungerudi tena baada ya siku hiyo, na mimi nilikatazwa kumwambia mtu yeyote.

Jioni ile Fundi alinirudishia kikopo. Alikuwa amekipangusa. Upara wake bado unang'aa, na yeye mzima ananuka kama nyumba ya Bibi.

"Imebaki kidogo," akasema. "Asante, Kalani. Kesho?"

Ningeweza kusema hapana, au kusema ukweli. Nilitikisa kichwa juu chini, ndiyo, kesho. Alinitazama muda mrefu, yeye ambaye kwa kawaida hakunitazama kwa kujua sipendi. Halafu akageuza sikio la kushoto, lile lililokufa, kama mtu asiyetaka kusikia lingine. Akaondoka kwa miguu.

Asubuhi yake niliamka gizani, nikatoka Kyebando, nikapita Wandegeya wakati wauza magazeti wanafungua mafurushi, nikashuka hadi Katwe. Mlango wa bati wa Fundi ulikuwa umefungwa. Niliweka kikopo ndani ya kipande cha mwisho cha jalada la daftari, upande wa mara tisa, nikaandika kwa kalamu ya wino: Sijakupa. Nimekuachia. Nikakisukuma chini ya bati mpaka mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko. Nikajifuta vumbi, nikaenda shule.